Bendeji Iliyopigwa Pasi

Kila mahali pa kazi pana chumba ambacho watu hupewa kama adhabu. Katika kituo kile cha afya kilikuwa chumba cha vidonda, mwisho wa korido, baada ya stoo ya mifagio, ambako dirisha lilikaa wazi mvua inyeshe isinyeshe. Muuguzi aliyechelewa kazini au aliyemjibu vibaya mkubwa wake alisukumwa huko, akakaa kwa kununa mpaka hasira za wakubwa zipoe, kisha akarudi wodini kwa shangwe. Huyu tunayemzungumza hakusukumwa. Aliomba mwenyewe, na alipokipata chumba hakutoka tena, hadi wagonjwa wakalisahau jina lake wakamwita Sista Taratibu.

Jina hilo lilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Alinawa mikono taratibu, kila kidole na haki yake. Aliifungua bendeji kuukuu taratibu, akiilowesha kwa maji ya chumvi pale iliposhika, maana alisema ukiibandua kavu unaondoka na ngozi changa ambayo mwili umeihangaikia wiki nzima. Kisha alifanya jambo lililowashangaza wageni: kabla ya kukitazama kidonda, alitazama kwanza kilichotoka juu yake. Aliigeuza shashi, akaangalia rangi, akaangalia majimaji yamefika wapi, akanusa kidogo bila kukunja uso.

Askari mmoja mstaafu, mwenye kidonda cha sukari kwenye unyayo, alimwambia siku moja kuwa anaisoma shashi utadhani gazeti.

"Na habari za leo si nzuri, mzee," Sista akamjibu. "Zimeandika hapa kwamba umetembea peku."

Alikuwa na maneno yake kwa kila kosa. Waliokuja wamejimwagia spiriti, kwa kuamini kuwa kinachowasha ndicho kinachotibu, aliwauliza kama wangemtia mtoto mchanga spiriti machoni. Nyama mpya, alisema, ni mtoto mchanga. Walioacha kidonda wazi juani kikauke aliwaambia mbegu haioti kwenye udongo mkavu, ingawa bwawani nako huoza: kidonda kinataka unyevu wa kiasi na kufunikwa. Watu walicheka, wakaenda nyumbani, na wengi wakapona. Mtaani ikawa ukimwona mtu anachechemea, swali ni moja tu, kama ameshapita kwa Sista Taratibu.

Nyumbani aliishi na mumewe, fundi seremala asiye na maneno mengi, na mama mkwe wake. Huyu mama alikuwa dobi tangu ujana. Mumewe alipofariki na kumwachia watoto, hakumpigia mtu hodi kuomba. Alisimama nyuma ya meza ya pasi tangu asubuhi mpaka jioni, akawasomesha wote. Mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Ilisemwa kuwa mkunjo wa suruali aliyoinyoosha unaweza kukatia mkate. Katika nyumba ile mtoto hakutoka na kifungo kilichokatika, wala mgeni hakuona kitanda kisichotandikwa. Hata mkwe alimpata hivyo hivyo. Mwanawe alipomleta binti kwa mara ya kwanza, akiwa bado na sare ya uuguzi, mama hakumtazama usoni. Alitazama kola. "Imenyooka," akasema. "Aingie."

Basi mtu aliyesimama miaka yote hiyo hulipia kwa miguu. Mishipa ya kurudisha damu juu huchoka, damu ikajikusanya chini, mguu ukavimba, na ngozi ya juu ya kifundo ikawa nyembamba, nyeusi, inayowasha. Siku moja Mama Pasi aligonga mguu wa meza. Kidonda kilikuwa kama punje ya mahindi. Akakifunga kwa kitambaa safi, akashusha gauni, akanyamaza. Kikakua mpaka kuwa kama kiganja cha mtoto, naye akawa anajipulizia manukato tangu asubuhi.

Manukato yakamsaliti. Sista Taratibu, akiwa mezani wakila chakula cha mchana, alisikia chini ya harufu ile ya maua harufu nyingine anayoijua kazini. Alingoja mumewe arudi karakanani, akafunga mlango, akaomba kuuona mguu.

Mama mkwe alikataa katakata. Mguu wake, alisema, si wa kushikwashikwa na mke wa mwanawe. Baada ya siku kadhaa za kuombwa kwa upole alikubali, ila kwa sharti: atibiwe nyumbani, chumbani kwake, na mtaa usijue. Watu watasema nini? Kwamba mganga hajigangi, kwamba muuguzi anafunga vidonda vya kila mtu huku donda limelala ndani ya nyumba yake. Sista akaona sharti hilo lina ukweli ndani yake, akakubali.

Alimleta daktari wa kituo, kijana mwenye adabu, aliyeingia kwa mlango wa nyuma kama alivyoelekezwa. Daktari alipima sukari, akagusa mapigo juu ya unyayo, akaridhika kuwa damu inashuka vizuri. Tabu yake ni kupanda. Dawa ilikuwa bendeji ya kuvuta, ifungwe tangu mzizi wa vidole mpaka chini ya goti, ibane zaidi kifundoni na kulegea kidogo kidogo kwenda juu, na mguu uinuliwe kila mama anapokaa. Alipokuwa anaaga alisema pia lisilopendeza. Kidonda kisipopungua kabla ya mvua kwisha, itabidi mama aende hospitali kubwa, alazwe, abandikwe ngozi.

Mama Pasi alingoja daktari aondoke. Ndipo akamwambia mkwewe kwa sauti ya chini kabisa.

"Baba wa mumeo aliingia hospitali ile kwa miguu yake. Akatoka amebebwa. Mimi ngazi zile sizipandi, mwanangu. Afadhali mguu uniozee hapa hapa."

Tangu siku hiyo Sista Taratibu alibeba kazi mbili, ya kituo na ya chumba kile. Bendeji zilikuwa mbili: moja mguuni, nyingine inafuliwa, na kufua mama alisema ni kazi yake, hakuna wa kumfundisha. Mumewe aliunda kigoda cha kuinulia mguu, akakipaka vanishi. Siku ya kwanza ya kubadilisha, Sista alifungua bendeji akakuta shashi nyeupe, karibu haina alama. Akafurahi, akamsifu. "Umekaa safi, mama. Hivi ndivyo ninavyotaka." Mama Pasi akatabasamu kama mwanafunzi aliyepewa alama zote.

Ila kidonda hakikusogea. Wiki zikapita, mvua zikaanza kuchoka, na kila mara shashi ilitoka nyeupe pe huku kidonda kikiwa kilekile, kingo zimesimama, mguu umejaa. Sista hakuelewa. Shashi safi na kidonda kikaidi havikai nyumba moja. Mmojawapo ni mwongo. Na bendeji nazo zilikuwa hazina nguvu: alivuta moja, ikaja, ikakaa ilivyokaa, kama utepe wa zawadi. Akamlaumu mtunza stoo kwamba anawapa mali iliyokaa miaka. Mtunza stoo akaapa kwa mbingu na ardhi, akampa mpya kutoka kwenye boksi. Baada ya kufuliwa mara moja tu nayo ikalegea.

Alianza kujitilia shaka. Alimuuliza mama kuhusu chakula, akaongeza maharage na mayai mezani. Akamuuliza kama anainua mguu, naye akajibiwa ndiyo, kila siku. Kazini wagonjwa waliona taratibu yake imekuwa nzito, si ile ya mtu mwenye hakika. Daktari alimkumbusha kuhusu mvua. Alimkumbusha kwa heshima, na ndiyo maana iliuma zaidi.

Siku moja bomba la kituo lilikatika, maji hayakuwapo, na chumba cha vidonda hakiwezi kufanya kazi bila maji. Sista akawaandikia wagonjwa warudi kesho, akaenda nyumbani saa za mchana, saa ambazo hakuwahi kuonekana huko. Mlangoni alipokelewa na harufu ya kitambaa cha moto.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma ya meza yake ya pasi. Kigoda cha vanishi kilikuwa pembeni, kimebeba mlima wa mashuka yaliyokunjwa. Mguu ulikuwa wazi, umewekewa shashi mpya tu, na bendeji ya kuvuta ilikuwa mezani. Mama alikuwa anaipitisha pasi kwa ustadi wote aliojaliwa, akiirushia maji kwa vidole, akibonyeza kila mkunjo mpaka ukafa. Kwenye ndoo karibu na mlango ilikuwamo shashi aliyoivua asubuhi. Ilikuwa imelowa pote, na ukingoni ina rangi ya kijani.

Wote wawili wakatazamana. Mama akaisimamisha pasi pembeni, kwa utaratibu, kama mtu aliyeshikwa anaiba akaamua kuiba kwa heshima.

"Umewahi leo," akasema.

"Mama, unafanya nini?"

"Leo si siku yako ya kunifunga? Ulitaka nikupokee na uchafu? Mtu anapokuja kwangu, hakuti uchafu."

Sista Taratibu aliinua bendeji ingali ya moto. Akaivuta. Haikurudi. Na hapo ndipo akili yake ilipofunguka yote kwa pamoja: zile shashi nyeupe, zile bendeji zilizokufa, mtunza stoo aliyeonewa bure. Alikumbuka pia sifa aliyoitoa siku ya kwanza. Alikuwa amemsifu dobi kwa usafi, kisha akashangaa kwamba dobi ameendelea kufua.

Akakaa chini sakafuni, sare yake na yote, akaanza kucheka. Mama mkwe alifikiri analia.

"Shati ukilifua ukalinyoosha, mama, limepona," akasema alipoweza. "Hii ukiinyoosha umeiua. Nguvu yake iko kwenye mpira uliofumwa ndani, na mpira hauvumilii pasi. Nimekuwa nakufunga utepe."

Mama Pasi aliitazama bendeji. Kuambiwa kuwa pasi yake imeharibu nguo, hilo halijawahi kumfika maishani.

"Na shashi?" akauliza.

"Shashi ndiyo inayoniambia. Ile ya ndooni ingeniambia tangu mwanzo kwamba pana wadudu waliohamia, na mguu unavuja kwa sababu umesimama kutwa. Umenifulia habari zangu zote."

Pasi ilikuwa inalia taratibu kwa kupoa.

"Ule ni usaha," mama akasema, macho kwenye meza. "Wewe ni mke wa mwanangu. Utaukumbuka kila unaponipakulia chakula."

"Mimi ulinipokea kwa ajili ya kola, mama. Hukunijua kwa lolote jingine." Akanyoosha mikono, bado akiwa sakafuni. "Sasa na wewe nipe mguu. Kama ulivyo."

Mama Pasi akasimama kidogo tena, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukubali jambo upesi. Kisha akayaondoa mashuka kwenye kigoda, akakaa, akauinua mguu.

Kuanzia hapo mambo yakawa na utaratibu mwingine. Seremala, alipoambiwa, aliunda kiti kirefu cha kupigia pasi ukiwa umekaa, kina ubao wa kunyooshea mguu mbele, na safari hii akaupa ubao mteremko ili shuka lolote litakalowekwa juu yake lianguke. Bendeji mpya zikaja, Sista akamwomba radhi mtunza stoo kwa mfuko wa machungwa. Kila alipofungua, alikuta shashi jinsi ilivyo, na mama aligeuza uso ukutani, halafu baadaye akawa hageuzi, halafu akawa anauliza mwenyewe imesema nini leo. Kijani kikaondoka. Majimaji yakapungua. Chini ya utando wa njano ikachomoza nyama nyekundu yenye chembechembe, na kingoni ngozi mpya, nyembamba, ya rangi ya waridi, ikaanza kutambaa kuingia ndani.

Daktari alikuja mvua zikiwa zinaaga. Alipima, akapima tena, akarudisha utepe wa kupimia mfukoni. "Huendi popote, mama," akasema.

Mama Pasi alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akamwambia avue koti lake jeupe. Kola ilikuwa imepinda, na kijana wa watu hawezi kutoka katika nyumba ile hivyo, hata kama ni kwa mlango wa nyuma. Alimpigia pasi akiwa amekaa. Alipomrudishia, alimwelekeza mlango wa mbele.

Kidonda kilifunga kabisa. Ila mishipa iliyochoka haiwi ya kijana tena, na bendeji ya kuvuta ikawa ya kuvaliwa maisha. Mama huifua mwenyewe kwa mkono, kwa sabuni ya kipande, akaianika kivulini. Huko kambani, katikati ya mashuka yaliyonyooka kama karatasi, huning'inia imejikunja kama nyoka mgonjwa, na barabara nzima inaiona.

Jirani mmoja, ambaye hajawahi kupita bila kutupa neno, aliuliza kama Mama Pasi siku hizi mkono umemlegea.

"Hiyo haipigwi pasi," mama akamjibu, kwa sauti ya kufika hadi nyumba ya tatu. "Nilikuwa na kidonda mguuni, kibaya, kinanuka. Mke wa mwanangu amekifunga, humu humu chumbani mwangu. Kama na wewe una chako, usikifulie kabla hajakiona."

Jirani akapita. Mama Pasi alibaki akiitazama ile bendeji. Mkono wake ulikwenda wenyewe kuinyoosha kidogo tu, hapo pembeni, palipojikunja vibaya. Ukafika, ukasita, na akaurudisha mfukoni.