Mtoto Mwenye Baba Si Yatima

Mama alikufa asubuhi, jikoni, kwa mchi wa kutwangia mahindi. Baba alimpiga mara mbili tu, kisha akauegemeza mchi ukutani kama mtu aliyemaliza kazi, akatoka. Watu walisema amekimbilia machimbo ya dhahabu, Chunya. Mimi nilikuwa na miaka tisa hivi, mdogo wangu wa kike minne.

Tulikwenda kwa miguu mpaka Makambako, tukawa tunalala ndani ya tanuru la matofali lililoachwa, karibu na njia panda ya malori. Mchana tuliokota viazi chini ya meza za sokoni. Askari wa soko alikuwa na kiboko. Siku alipomkuta mdogo wangu na kiazi mkononi, alimchapa mpaka akajikojolea. Nilimrukia nikamng'ata mkono. Akaniburuta kwa sikio hadi kwenye lori la serikali, tukapelekwa bomani Njombe.

Karani wa boma alikuwa Mwafrika mwenzetu, mpole wa sauti. Aliuliza kwa Kiswahili, nami nikajibu kwa Kibena, maana Kiswahili changu kilikuwa cha kuombea chakula tu.

"Mama yenu?"

"Amekufa."

"Baba?"

"Amekimbia."

"Kukimbia si kufa." Akaandika. "Misheni wanapokea yatima. Mtoto mwenye baba si yatima, ana kwao. Ninyi ni wazururaji. Mtarudishwa kwenye ukoo."

Ukoo wenyewe ulikuwa baba mdogo. Alitupokea kwa maneno mazuri mbele ya tarishi wa boma, akaweka dole gumba kwenye karatasi. Tarishi alipotokomea, alifunga mlango. Alisema tumemwaibisha kaka yake kwa Wazungu. Alinipiga kwa mpini wa jembe. Pigo la tatu nililikinga kwa mkono wa kushoto, nikasikia mfupa ukikatika kama kuni kavu. Mdogo wangu alikuwa chini ya kitanda. Baba mdogo akamvuta mguu. Nilichomoa kijinga cha moto jikoni, nikamkandamiza nacho shingoni. Aliachia. Tulikimbia, na nyuma yetu nilimsikia akipiga mayowe muda mrefu.

Zahanati ya misheni walinipokea palepale, kwa sababu mkono uliovunjika ulikuwa na mahali pake: kitanda, blanketi, uji wa ulezi. Mdogo wangu akaruhusiwa kulala miguuni pangu. Mama wa Kizungu aliyesimamia nyumba ya yatima, ng'ambo ya uwanja, alikuja kunitazama.

"Nakuhurumia, mwanangu," alisema. "Lakini ukipona mtarudi. Boma wameandika kwamba mna kwenu."

Wiki ya sita muuguzi, mwanamume wa Kikinga, alifungua vibao mkononi mwangu. "Umepona," alisema kwa furaha. "Kesho kutwa tarishi atakuja kuwachukua."

Kesho yake, Jumapili, watu wakiwa kanisani, nilikwenda kwenye jiwe la kufulia nyuma ya zahanati. Nililaza mkono juu yake, nikaupiga kwa jiwe jingine. Mara ya kwanza haukuvunjika. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale, akilia, akiniomba niache. Nilipiga tena.

Muuguzi alinikuta ndani, sakafuni karibu na kitanda changu, nimejitapikia.

"Umeanguka?"

"Ndiyo."

Alitoka akaliona lile jiwe. Aliporudi hakuniuliza tena. Alinifunga vibao upya, kisha akavuka uwanja, nikamsikia akimfokea yule mama, jambo ambalo sikuwahi kusikia Mwafrika akimfanyia Mzungu.

"Mnangoja nini? Baba yao aje awamalize ndipo muwaite yatima?"

Mwezi uleule aliachishwa kazi. Sikumwona tena, wala sikupata nafasi ya kumshukuru.

Yule mama hakuja kwa siku mbili. Siku ya tatu alikaa kitandani pangu, macho mekundu, akanisomea barua aliyowaandikia boma: baba wa watoto hawa hajulikani alipo, naomba ahesabiwe kuwa amefariki. Karani akagonga muhuri. Tukawa yatima.

Katika nyumba ile, kila jioni kabla ya chakula, tulifundishwa kuwaombea wazazi wetu marehemu. Mdogo wangu alimwombea baba apumzike kwa amani, kwa sauti nyororo, macho ameyafumba. Mimi niliomba awe amekufa kweli.