Dereva Aliyetakiwa Kushuka

Asnath Mathias aliendesha malori ya jeshi kwa miaka kumi na miwili, na kikosini kwao watu walishasahau kushangaa kwamba dereva ni mwanamke. Alizaliwa katika nyumba za kambi ya mkonge, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Babu yake alikuwa manamba, aliletwa kutoka Songea kukata mkonge na akafa bila kurudi kwao. Baba yake naye aliukata huo huo mkonge. Shamba lilipofungwa, watu wa kambi walibaki katika nyumba zisizo zao, wakilima vipande vya ardhi walivyoazimwa na wenyeji. Kwa hiyo Asnath alipokuja likizo ya kwanza amevaa gwanda, mama yake, Justa, alimtembeza nyumba kwa nyumba kama bibi harusi. Tangu hapo, Justa akifika ofisi ya kijiji aliitwa mama askari, na kiti kilitafutwa.

Mambo yaliharibika baada ya ajali. Lori lilipinduka mazoezini, Asnath akaumia kichwa, akalazwa, akapona. Mwaka uliofuata akaanza kupotea. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe: anazungumza na mtu, mara anashtuka yule mtu ameshamaliza habari na yeye hakuusikia mwisho wake. Alidhani ni uchovu, akanyamaza, mpaka asubuhi moja alipoanguka gwarideni akatetemeka mbele ya kikosi kizima. Hospitalini wakasema ni kifafa, kimetokana na lile jeraha.

Bodi ya madaktari ikapendekeza astaafu kwa sababu za kiafya. Mkuu wa kikosi alimweleza kwa upole kwamba anaweza kukubali, au kukata rufaa kama anaamini bodi imekosea. Kwa rufaa, wenzake wa kazi wangetakiwa kueleza kwamba hawajawahi kumwona na dalili yoyote akiwa kwenye usukani. Akampa likizo akafikirie.

Alipomweleza mama yake, Justa alisema neno kifafa lisitamkwe tena ndani ya nyumba ile. Kwake ule ulikuwa uchovu tu, au jicho la watu. Asnath akajaribu kumwelewesha kwamba hafukuzwi kama mwizi, kwamba akikubali ataagwa kwa heshima.

"Heshima ya nani?" Justa akamuuliza. "Sisi hapa ni watu wa kuja, mwanangu. Babu yako amezikwa hapa, baba yako amezikwa hapa, na bado ni watu wa kuja. Ukilivua hilo gwanda, mimi nitakuwa nani?"

Swali lile Asnath alikuwa anajiuliza na yeye.

Siku chache baadaye, mchana, alikuwa jikoni akisonga ugali. Anachokumbuka ni kushika mwiko. Alipozinduka alikuwa sakafuni, mkono wa kushoto umeungua, sufuria limepinduka, na jikoni giza. Hakuelewa giza lile limetoka wapi, kwa sababu nje jua lilikuwa kali. Kisha akaona mlango umefungwa na dirisha limezibwa kwa khanga. Mama yake alikuwa amepiga magoti kando yake, analia bila sauti. Alikuwa amefunga mlango kwanza, ndipo akamvuta kutoka motoni.

Justa aliuosha ule mkono kwa maji baridi, akaufunga kitambaa safi, na majirani akawaambia ni mvuke wa ugali.

Pamoja na hayo, Asnath bado alitaka rufaa. Hakujua kazi nyingine, wala hakuitamani. Akapanda gari kwenda Kabuku kumtafuta Ukasha, kijana wa Kizigua aliyekuwa msaidizi wake, aliyekaa kiti cha pembeni miaka yote ile. Naye alikuwa likizo, anamsaidia baba yake kupaua kibanda cha duka kando ya barabara kuu. Alishuka kutoka juu ya paa, akanawa, wakakaa kwenye benchi.

Asnath alimwomba atoe maelezo. Hasa kuhusu siku ile, kabla hajaanguka gwarideni, lori lao lilipoacha njia, si mbali na hapo walipokaa, likaingia kwenye majani. Ukasha alisema wakati ule kwamba mbuzi alikatiza barabara, na wote waliamini, Asnath akiwa wa kwanza.

Ukasha aliinama kidogo. "Hakukuwa na mbuzi, afande."

Akamsimulia taratibu. Asnath alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, kisha wimbo ukakatika. Macho yalikuwa wazi, mguu umekandamiza mafuta, na mbele basi linakuja. Ukasha alimwita, hakuitika. Akaushika usukani akauvuta. Nyuma walikuwamo askari, wengine wamelala. Lori liliposimama, Asnath aligeuka akauliza kumetokea nini, na mbuzi akamtoka Ukasha mdomoni bila kufikiri.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniuliza vizuri ningekwambia. Nilishukuru hukuuliza."

Kisha Ukasha akasema kwamba yeye amefundishwa kazi na Asnath, hawezi kumtupa; akitaka aandike kwamba hajawahi kuona kitu, ataandika.

"Na utapanda tena na mimi?"

Ukasha aliyatazama malori ya mizigo yaliyokuwa yakielekea Chalinze. "Nikiamriwa, nitapanda," akasema.

Huyu ndiye kijana aliyekuwa akigombana na wenzake ili apangwe gari moja na Asnath. Asnath hakuomba maelezo tena. Alimsalimia baba mwenye duka, akaagana nao, akarudi Korogwe, na kabla likizo haijaisha alikuwa amejibu kwamba anakubali kustaafu.

Mtu angetegemea moyo utulie baada ya hapo. Haukutulia. Kikosini walimuaga kwa soda na hotuba fupi, na Asnath akacheka palipotakiwa kucheka. Katika gari lililompeleka nyumbani alikaa mbele, upande wa abiria, na njia nzima mguu wake wa kulia ulikuwa ukitafuta breki.

Justa akatangaza kwamba binti yake yuko likizo ndefu. Asnath aliuvumilia uongo huo majuma kadhaa. Kisha, katika ibada ya nyumba kwa nyumba, wakati wa shukrani, akasimama. Akasema ameacha jeshi, ana kifafa, anatumia dawa. Akianguka, wamtoe penye moto, wamlaze ubavu, wasimtie kitu mdomoni, wala wasiogope kumgusa kwa sababu hakiambukizi. Mtu mmoja akaanzisha wimbo. Justa aliondoka kabla ya baraka.

Huu ni mwaka wa pili. Dawa zimepunguza kuanguka, hazijakomesha. Wako wanaompa mkono, wako wanaomsalimia kwa mbali. Mzee mmoja wa Vugiri alishuka mlimani kumuuliza dawa anazipata wapi. Mke wake huanguka, nao wamemficha miaka mingi. Asnath alimpeleka huyo mama hospitali mwenyewe. Lakini zipo siku anaamka hana hamu hata ya kufungua mlango.

Mama yake hamruhusu kupika. Mwezi uliopita, wakiwa wanapalilia mahindi, Justa alimuuliza ghafla ilikuwaje siku ile barabarani, maana habari zilishamfikia kutoka Kabuku. Asnath akamweleza yote, hadi lile basi.

Justa aliegemea jembe. "Na nyuma mlipakia watoto wa wenzetu?"

"Ndiyo, mama. Wengine walikuwa wamelala."

Justa hakusema kwamba binti yake alifanya vyema. Aliangalia mstari alioupalilia, kisha akamwambia atoke juani akapumzike, yeye atamalizia.