Mlinzi wa Mfuniko

Kila asubuhi, hata kabla ya chai, mzee wa nyumba hii huzunguka uani, akagonga kwa kisigino mfuniko wa shimo la choo, akatega sikio kama daktari. Ole wake amwagaye mafuta ya kukaangia kwenye sinki! Mtu akichelewa chooni, mzee hukohoa mlangoni: "Karatasi kidogo, jamani!" Juzi mchumba wa bintiye alipokuja kujitambulisha, aliegesha gari juu ya mfuniko uleule. Binti akaziba uso. Mzee akafura. Kijana akashuka, akaona tairi limekalia nini, akaruka kama aliyekanyaga nyoka, akalirudisha gari nyuma. "Shikamoo, mzee. Nisamehe. Shimo hili lilinyonywa lini mara ya mwisho?" Mzee akamgeukia mkewe: "Mama watoto, mletee mkwe wangu kiti."