Mama Alipofagia Foleni ya Maji

Moshi wa dizeli ndio uliotupokea Tunduma, kabla ya mtu yeyote kutukaribisha. Malori yalikuwa yamejipanga kuelekea mpakani, yananguruma bila kwenda popote, na katikati yake walipita vijana wenye mabunda ya kwacha za Zambia mkononi, "Mukwai, tubadilishe!", wakituita waheshimiwa kwa Kibemba hata sisi tuliobeba godoro kichwani. Tulitoka Mbeya. Baba alikuwa fundi wa malori, na kwa maelezo yake malori yote ya dunia hii hulala Tunduma, kwa hiyo na sisi tukalale huko. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na tayari nilikuwa mtu wa ndani. Ukinitoa mlangoni naanza kuulizia tunarudi lini. Nimekua na ugonjwa huohuo. Nililia mpaka Chapwa, mtaa wetu mpya, na aliyenibembeleza alikuwa dada yangu Atupele, wa darasa la saba, aliyekumbatia mkoba wake wa madaftari kama mtu aliyepakata mtoto. Alitaka sekondari kuliko alivyotaka chakula.

Watu huniuliza mji upi una maisha mazuri, maana nimeishi yote miwili. Mbeya tulipanga vyumba viwili vyenye baridi ya kuingia mifupani, lakini uani kulikuwa na bomba. Unafungua, maji yanatoka. Wala hatukujua kwamba hiyo ni raha. Tunduma tulipata nyumba pana, maduka mpaka mlangoni, nyama kila Jumapili, na baba akaanza kunenepa. Kilichokosekana ni maji tu, kama vile mtu akuonyeshe gari zuri kisha akwambie kilichokosekana ni magurudumu tu.

Mama yangu alikuwa mtu wa ufagio. Asubuhi moja ya kiangazi alimchukua Atupele wakaenda kwenye bomba la mtaa, nami nikiburuzwa nyuma. Hapakuwa na mtu. Chini kulikuwa na mawe, vipande vya tofali, kandambili iliyokatika na jagi lisilo na mpini. Mama akaguna. "Watu wanachota maji ya kunywa kwenye jalala!" Akafagia. Mawe yote akayarundika pembeni, vizuri kabisa, na kandambili juu yake. Kisha tukatega ndoo zetu pale mbele, tukajiona tumewahi.

Bomba lilipoanza kukohoa, wanawake wakatokea kila upande. Wakasimama. Kila jiwe lilikuwa la nyumba fulani, limewekwa tangu jana yake kushika nafasi wakati mwenyewe yuko sokoni au shambani, na kandambili ilikuwa ya Bibi Nambeye, jirani yetu, aliyekuwa wa kwanza. Akaiokota juu ya lile rundo, akaipangusa.

"Mama Atu, kwenu Mbeya mnafagia mpaka foleni?"

"Samahani mama yangu, nilidhani ni takataka."

"Takataka ndiyo mimi hiyo. Haya, nipange tena. Kumbuka nilikuwa wapi."

Wakacheka kidogo, kisha wakagombana sana, maana hakuna aliyekubali kwamba jiwe lake lilikuwa nyuma. Wakapatana jambo moja tu: nyumba yetu iwe ya mwisho mpaka mvua zinyeshe. Siwalaumu. Waliofanywa wagombee tone la maji wangefanya nini?

Wa mwisho alikuwa Atupele. Mama alikuwa na mimba iliyomsumbua, baba alikuwa chini ya malori, na mimi nilionekana mdogo, nikabaki kulinda ndoo tupu, kazi niliyoifanya kwa ustadi mkubwa. Dada alisimama pale na daftari, akisoma hesabu hadi zamu imfikie au bomba likauke. Alifika shuleni jua limepanda, akachapwa kwa kuchelewa, akarudishwa kufagia uwanja wakati wenzake wanafanya mazoezi ya mtihani. Mvua zilinyesha mtihani umeshapita. Hakuchaguliwa. Alifunga mkoba wake, akauning'iniza nyuma ya mlango, na miaka iliyofuata nikaubeba mimi hadi kidato cha nne, nimeoga.

Leo Atupele yuko Mbeya, anashona sare za shule. Alikuja kunitembelea hapa Tunduma mwezi uliopita. Nina bomba jikoni kwangu, linang'aa, nimelifuta mwenyewe. Mtu wa ndani lazima awe na cha kufuta. Akalifungua anawe mikono. Likapiga mluzi, basi.

"Bado?" akauliza. "Malori yanapita hapa na mali ya nchi ngapi, na bado?"

Hasira ikanipanda. Wakubwa wanakuja na magari yao, wanasema subirini, wanaondoka na chupa zao za maji mkononi. Tumesubiri mpaka waliosubiri wamezaa. Binti yangu Neema, wa darasa la saba, alikuwa tayari ameinama mlangoni anachagua jiwe la kwenda kuweka. Atupele alimtazama.

Nikamnyang'anya lile jiwe. "Wewe kasome," nikamwambia. Nikavaa kandambili, mimi nisiyetoka hata kwa harusi, nikaenda kusimama foleni mwenyewe. Nipo huko kila siku. Atakayekuja kutuambia tusubiri atanikuta, na jiwe ninalo mkononi.