Mdomo wa Tarumbeta Kwenye Kikapu cha Kahawa

Nilijua mume wangu anaumwa siku aliyokataa kahawa ya baba yangu. Kwetu Karagwe mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, na mkwe anayeikataa mbele ya baba mkwe ametangaza ugomvi. Baba alimnyooshea kikapu, mume wangu akatikisa kichwa, mimi nikatamani ardhi ipasuke. Njiani kurudi Nyabiyonza nikamgeukia: "Una nini wewe?" Akanionyesha mdomo wa juu. Ulikuwa umevimba, una alama nyekundu ya duara, na ngozi imepasuka katikati.

Pasaka ilikuwa inakaribia, naye alikuwa amepewa kupiga tarumbeta ya kwanza, ile inayoongoza nyimbo, kanisani. Alipuliza kabla ya kwenda shambani, akapuliza tena jioni mpaka giza liingie, na sauti ikianza kukwaruza ndipo alipozidi kuikandamiza tarumbeta mdomoni. Mpigaji aliyemtangulia alifanya hivyo hivyo. Kidonda kilipona, sauti haikurudi, wakampa ngoma.

"Pumzika," nilimwambia.

"Nikipumzika nitasahau."

"Utasahau nini? Nyimbo zenyewe unaziimba hata ukikata mkungu!"

"Mama, haya mambo huyajui."

Haya, siyajui. Alipokwenda kuoga nilikichomoa kile kipande kinachokaa midomoni, wao hukiita mdomo wa tarumbeta, nikakizika chini kabisa ya kikapu chetu cha kahawa. Humo hangetia mkono. Kahawa kavu ingemchoma kidonda.

Alipekua uvunguni, akapekua vyungu, akafunua mpaka nyasi za sakafuni. "Umeuweka wapi mdomo?"

"Uko salama kuliko huo wako."

Akatoka nje. Hapo niliogopa. Kama Pasaka ingefika kidonda hakijapona, aibu yote ingekuwa yangu. Asubuhi nilimkuta barazani na tarumbeta isiyo na mdomo, akibonyeza vitufe vyake na kuimba wimbo kwa ndani. Nilijifanya sijaona.

Siku moja kabla ya Pasaka, baba akaja kututembelea. Tulimwamkia, akaketi, nikaleta kikapu. Baba alichukua yake. Mume wangu akamtazama baba, akachukua punje mbili, akatafuna polepole. Nilikuwa nautazama mdomo wake tu. Haukukunjamana. Akatia mkono tena, safari hii akazamisha vidole, na mkono ukasimama humo humo.

"Mama," alisema, "kahawa yako ina mifupa."

Baba hakuelewa. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na hayakuwa ya kicheko peke yake.

Kesho yake alipuliza mpaka ubeti wa mwisho. Na tangu hapo, mpaka uzee, kila alipotaka kuiangua tarumbeta ukutani aliniomba kahawa kwanza. Ikimchoma, aliiacha hapo hapo ilipo, akaenda zake shambani.