Baba Anaamini Alisahau Kupaka Mafuta Filta ya Gari, na Mimi Ndiye Niliyemwaminisha

Admin, naomba unifichie jina, maana ndugu zangu wawili wapo humu na wanasoma kila unachoweka.

Mimi ni mwanaume wa miaka 39, nina mke na watoto watatu, naishi hapa Mwanza. Naendesha pikapu ya familia, tuliyoinunua kwa kuchangishana mimi, dada yangu na mdogo wangu. Nachukua nyanya na vitunguu huko ndani ndani kupita Kisesa, naleta soko la Mkuyuni. Wanaoijua ile njia wakati wa kiangazi wanajua vumbi lake. Ukifika mjini hata kope zimekuwa nyekundu.

Baba yetu ana miaka sabini na kitu. Amekuwa fundi pikipiki tangu kabla hatujazaliwa, na ndiye aliyekuwa anaitunza hii gari. Kila Jumamosi asubuhi anachomoa filta ya hewa, ile ya karatasi iliyokuja na gari, anaigongagonga kwenye tairi mpaka vumbi litoke, anairudisha. Ikichoka ananiambia ninunue nyingine kama hiyo hiyo. Miaka minne injini haikutusumbua hata siku moja.

Sasa mimi na ujuaji wangu! Mwaka jana nikaingia duka la spea, muuzaji akaniwekea mezani filta nyekundu inang'aa. "Hii ni ya kuosha, bosi. Unafunga mara moja, habari ya kununua nyingine unasahau. Na gari itavuta mpaka ushangae." Nikaingia kichwa kichwa. Ndani ya boksi kulikuwa na kachupa ka mafuta mekundu na karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina. Karatasi nikaitupa. Mke wangu ni fundi cherehani, akaniuliza, "Baba watoto, haya mafuta ni ya nini?" Nikamjibu, "Aah, zawadi tu hiyo, tia kwenye cherehani yako." Akatia.

Baba alipoiona ile filta aliigeuzageuza. "Hii inatunzwaje?"

"Ni ya kuosha, mzee. Maji na sabuni, basi."

Akasema, "Zile filta za sponji za pikipiki tulikuwa tukishaosha tunapaka oili, ndiyo inayokamata vumbi. Hii haina mafuta yake?"

Nikacheka, jamani. Nikamwambia, "Mzee, hayo mambo ya zamani. Ya kuosha ni ya kuosha." Jumamosi zilizofuata akawa anaiosha kama nilivyomwambia, anaianika kivulini, anairudisha ikiwa safi na kavu kabisa. Kiangazi chote akafanya hivyo.

Baada ya miezi kadhaa gari ikaanza kuchoka mlimani, inatoa moshi na kula oili. Tukaipeleka gereji moja Buzuruga, tukaenda wote. Fundi akafungua, akapitisha kidole ndani ya bomba la hewa, kikatoka na vumbi. "Hii injini imekula mchanga. Filta hizi ukishaosha lazima upake mafuta yake, la sivyo vumbi linapita tu. Nani alikuwa anaosha?"

Baba akasema, "Mimi."

Kisha akaniangalia. Hakuwa na hasira, alikuwa ananisubiri niseme. Nikainama nikajifanya nakagua tairi. Dada akaruka juu, "Baba, si tulikwambia upumzike? Ona sasa!" Mdogo wangu akamalizia palepale kwamba mzee asiguse gari tena. Baba akajibu, "Sawa wanangu."

Najua wapo watakaoniuliza kama filta hizo zinafaa. Zinafaa kwa anayejua kuzitunza. Kwa vumbi letu na haraka zetu, kaeni na ya karatasi. Lakini siyo hiyo iliyonileta hapa.

Baba aligawa spana zake zote kwa majirani. Watu wakimletea pikipiki anawarudisha, anasema, "Nendeni kwa wengine, mimi nitawaharibia." Ningeshukuru kama angenigombeza. Wiki mbili zilizopita tulikuwa tumekaa barazani baada ya chakula cha mchana, akanishika mkono, akaniita ng'wanawane, mwanangu, kwa Kisukuma, kama anavyoniita akiwa na jambo zito.

"Niambie ukweli. Ulishaniambia nipake mafuta, nikasahau mimi?"

Mungu ananiona. Nafasi ilikuwa ile, tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Ndiyo, baba. Nilikwambia."

Akatikisa kichwa taratibu. "Basi ndiyo uzee wenyewe huo."

Tangu siku hiyo haendi popote peke yake, anasema atapotea. Vidonge vyake vya presha hamezi mpaka amuulize mama kama ameshameza. Dada anatafuta hospitali ya kumpima kichwa. Na Jumapili iliyopita baba alisimama kanisani akaomba apumzishwe uzee wa kanisa, akawaambia waumini kumbukumbu zake zimekwisha na hataki kuwaharibia kazi ya Mungu. Watu walilia. Mimi nilikuwa nimekaa benchi la tatu, nikalia nao, wakanishika mabega kunipa pole.

Nilikwenda juzi kumwambia. Nikafika, akaniwahi yeye, akaniomba msamaha wa gari kwa mara nyingine. Nikashindwa, nikaaga.

Nitukaneni mkimaliza mnishauri. Namwambiaje baba yangu kwamba hakusahau kitu?