Jozi Moja ya Mabuti

Jamani, nicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Mimi ni msimamizi wa ghala la ngozi hapa Msambweni. Sheria ya kazi inamtaka mwajiri wetu ampe kila mfanyakazi mabuti ya mpira, maana maji ya chumvi yanayotoka kwenye ngozi yanakula nyayo. Akaniagiza mimi niyanunue. Nikasema, Idi ya kuchinja ipite kwanza. Idi ikapita, ngozi zikajaa hadi mlangoni, na mabuti yakawa ni yale yangu tu.

Juzi mkaguzi wa kazi akapiga hodi. Nikamketisha barazani kwa kahawa, nikawanong'oneza wenzangu ndani wapokezane mabuti yangu, watoke mmoja mmoja, kila anayerudi amvulie mwenzake. Mimi nikaficha miguu chini ya benchi.

Akatoka Bakari, mabuti yamemkaa sawasawa. Akatoka Mwanasha, akiyaburura kama bata. Mutua, miguu yake mikubwa, aliingiza nusu tu, akaja akitembea kwa vidole.

"Mashallah," mkaguzi akasema. "Mwajiri wenu ana imani."

Nikavimba kichwa. Nikamkaribisha aone na ndani.

"Sakafu imelowa," akasema, akamgeukia Mutua. "Hebu niazime yako."

Mutua akavua. Mkaguzi akavaa, akakunja uso kwa lile joto la miguu ya watu, akaingia hadi katikati ya chumba cha chumvi. Akageuka. Sote tulikuwa tumejipanga mlangoni, pekupeku, mimi wa kwanza.

"Haya," akasema kwa upole, "nanyi vaeni yenu, mnifuate."